Nani alikuwa shahidi wako? Kadi ya mérite ya 1948 na tuzo yetu ya Bengamisa



Nimesoma masharti ya tuzo ambayo komite yetu iliweka hapa kwenye ukurasa juma lililopita. Ni ile tuzo ya "kuishi pamoja" tunayotaka kutoa Bengamisa, kwa mtu aliyesaidia makabila kukaa vizuri pamoja. Wazo ni zuri, na waliolileta nawapa heshima yao. Lakini masharti yenyewe yamenikumbusha vitu nilivyosoma katika historia, na vingine nilivyosikia nyumbani kwetu tangu utoto. Kwa hiyo, kabla hatujapiga kura, naomba mnivumilie. Itakuwa ndefu kidogo. Mwenye mega chache asome nusu leo, nusu kesho.

Kwa wale ambao hawakuona, masharti ni haya: mgombea awe mzaliwa wa Bamanga, au awe na karatasi inayoonyesha amekaa hapo miaka kumi. Awe na diplome d'État, angalau. Alete barua ya shefu wake inayomsifu. Aandike mwenyewe maombi yake kwa Kifaransa, na aweke CV na picha mbili. Kisha komite itachagua.

Mtu akisoma haraka ataona ni masharti ya kawaida tu, kama ya kuomba kazi. Njo hapo shida inapoanzia.

Swali la nani anastahili sifa si jipya katika mkoa wetu. Ni la zamani kuliko hata jina la Stanleyville. Mwaka 1887 Leopold II, mfalme wa Wabeleji, alimpa Tippu Tip cheo cha gavana wa Stanley Falls, na mshahara juu yake. Tippu Tip tunamjua sote, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na wa watumwa aliyetoka Zanzibar. Ni kwa njia yake na ya watu wake Kiswahili hiki ninachoandika kilifika kwenye maporomoko ya Wagenya. Je, alipewa cheo kwa sababu aliunganisha watu? Hata. Alipewa kwa sababu huku kwetu alikuwa na bunduki nyingi kuliko Leopold mwenyewe.

Baadaye zikaja medali za mashefu. Wazee vijijini mpaka leo wanasema "shefu wa medali". Leta ilimvika shefu medali yake, na yeye akatakiwa kuleta watu wa kazi, kodi, na yote ambayo Leta iliomba. Shefu asiyeleta, medali ilimtoka. Dekreti ya tarehe 2 Mei 1910 ikataka kila Mkongo awe chini ya shefri fulani. Ile ya tarehe 5 Desemba 1933 ikaunganisha vikundi vidogo vidogo katika sekta. Hapo tulianza kuandikwa: huyu ni wa hapa, yule si wa hapa. Napita haraka, lakini msilisahau, sababu sharti la kwanza la komite limetoka ndani ya madaftari hayo. Mababu wa Bamanga walikuwa na njia zao za kumpokea mgeni au kumkataa, na karatasi haikuwa mojawapo.

Sasa tufike kwenye kadi.

Tarehe 12 Julai 1948 serikali ya Kongo ya Wabeleji ilianzisha kitu kiitwacho Carte du mérite civique. Vita kuu ya pili ilikuwa imekwisha, na katika miji kama Stanleyville kulikuwa na makarani, waalimu, wauguzi na wanafunzi wa zamani wa seminari waliokuwa wanauliza: sisi tumesoma, tunafanya kazi yenu, mbona tunapigwa fimbo kama wote? Mbona jioni hatuwezi kupita katika mtaa wa wazungu? Wabeleji hawakutaka kuwapa haki wote. Wakaamua kuwatoa wachache kutoka katika kundi na kuwapa kadi.

Masharti ya kadi yalikuwa haya: uwe na miaka 21 au zaidi. Ujue kusoma, kuandika na kuhesabu. Usiwe na wake wengi. Usiwe umehukumiwa na tribinali katika miaka ya karibuni. Uonyeshe mwenendo mwema, na hamu ya kweli ya kufikia "sivilizasyo". Mtu aliyetumika kazi vizuri miaka 25 aliweza kusamehewa lile sharti la kusoma. Aliyeipata aliepuka fimbo, na milango midogo midogo ilifunguka: wodi tofauti hospitalini, ruhusa ya kutembea usiku. Si vitu vikubwa. Lakini kwa mtu aliyekuwa anaamrishwa na kila mzungu aliyepita, vilikuwa vikubwa.

Mwaka 1952, kwa dekreti ya tarehe 17 Mei, ikaja ngazi ya juu zaidi, imatrikilasyo. Aliyeipata alihesabiwa karibu sawa na mzungu mbele ya sheria. Hiyo ilikuwa ngumu sana. Komisyo ilikuja mpaka nyumbani. Waliangalia kama sahani zinafanana, kama mnakula kwa kisu na uma, kama watoto wanalala kwenye vitanda vyao, kama mke anakaa mezani na mume au anakula jikoni na watoto. Walimhoji mume, walimhoji mke. Ilipofika 1958, katika nchi ya watu milioni kumi na tatu hivi, waliokuwa na imatrikilasyo hawakufika hata mia tatu. Wa kadi ya mérite walikuwa elfu moja na nusu na kitu.

Mmoja wao alikuwa karani wa posta hapa kwetu Stanleyville, Mutetela kutoka Onalua, Sankuru. Mnamjua: Patrice Lumumba. Alifika mjini 1944, akawa karani wa posta, akaandika katika magazeti, akaongoza chama cha ma-evolwe wa Stanleyville. Alipoomba imatrikilasyo mara ya kwanza walimkatalia. Hakukubali, alifuatilia, na mwaka 1954 akaipata. Fikirini kidogo. Mtu ambaye miaka sita baadaye atakuwa waziri mkuu wa nchi nzima, watu walikuja kuchunguza kama anastahili kuitwa mtu mwenye adabu.

Wengi wakisimulia habari ya kadi hizi wanacheka uma na sahani. Mimi pia nilicheka darasani. Lakini uma si kiini cha jambo. Ukitazama vizuri utaona mambo mawili yaliyo mazito zaidi.

La kwanza: mtu alijiombea mwenyewe. Alichukua kalamu, akaandika kwa Kifaransa kizuri: mimi fulani, nina sifa hizi, naomba mnitambue. Mwenye haya hakuandika. Asiyejua Kifaransa hakuandika. Mwanamke aliyekuwa anabeba jamaa nzima mgongoni hakuandika, hata kama kadi haikumkataza.

La pili, na hili njo ninalotaka mlishike: shahidi alikuwa nani? Walioulizwa habari zako ni bosi wako, padri wako, administrateri wako. Hakuna aliyemuuliza jirani. Hakuna aliyeenda Avenyu ya nyuma kumuuliza Mutopoke au Mulokele: huyu bwana, mnaishije naye? Kadi ilipima umetoka mbali kiasi gani na watu wako. Mjini siku zile walikuwa na maneno mawili, kizungu na kisenji, na maisha ya mtu yalipimwa katikati ya hayo mawili. Mtafiti Valdo Pons, aliyekaa Stanleyville mwanzoni mwa miaka ya 1950 na kuchunguza maisha ya Avenyu 21, aliyaandika vizuri katika kitabu chake kilichotoka 1969. Kwenye avenyu ile moja walipangana watu wa makabila mengi, ukuta kwa ukuta. Kila siku walikuwa wanafanya kile kile tunachotaka kukipa tuzo leo. Komisyo ya kadi ilipita mbele ya milango yao na kuulizia sahani.

Niseme la kwetu nyumbani, sababu bila hilo mtafikiri nasoma vitabu tu.

Koko wangu, baba wa baba, alikuwa Muturumbu wa upande wa Yangambi. Alikuwa karani katika duka kubwa la Mgiriki mjini, na alioa Mulokele. Mwaka 1953 aliomba kadi ya mérite. Alikuwa na vyote: sertifika, mke mmoja wa kanisa, hakuna kesi. Wakaja kuona nyumba. Bibi yetu alikuwa ameazima sahani sita kwa jirani, zote za rangi moja, na siku ile alivaa viatu asubuhi mpaka mchana. Alituambia viatu vile vilimuuma kuliko uzazi.

Walimkatalia. Sababu waliyompa: nyumba imejaa watu. Na ni kweli ilijaa. Katika vyumba viwili, mbali na watoto wake, kulikuwa na vijana watano waliokuja mjini kwa masomo. Wawili walikuwa wa ndugu yake. Mmoja Mulokele wa upande wa bibi. Mmoja Mubua aliyekuwa mtoto wa rafiki wa kazini. Wa tano alikuwa Mumanga, mtoto wa mzee mmoja wa Bengamisa aliyekuwa anateremsha mafuta ya mawese mpaka mjini na kumuuzia koko. Hawakulipa kitu. Walikula sombe moja, walilala kwenye mikeka, waligombana kwa lugha tatu. Bibi alisema nyumba ile ilikuwa kama soko la samaki, na kwamba kijana Mubua alijifunza Kilokele ili tu ajue wanamsengenya nini.

Kwa komisyo ile, vijana hao watano walikuwa ushahidi kwamba karani huyu bado ana kisenji, hajajua "familia" ni nini. Kwa sisi leo, tukiwa na akili, vijana hao ndio tuzo yenyewe. Kitu kile kile. Kilichobadilika ni anayeuliza, na anayeulizwa.

Kisha ikafika 1964. Nyinyi mliosoma mnajua. Mwanzoni mwa Agosti Simba waliingia Stanleyville, na mji ukakaa mikononi mwao mpaka paratrupa wa Ubeleji walipoanguka kutoka angani tarehe 24 Novemba. Katika miezi ile kuwa msomi ilikuwa hatari. Makarani, wakubwa wa serikali, watu wa vyama pinzani walikamatwa, na wengi waliuawa hadharani mbele ya sanamu ya Lumumba. Yule yule Lumumba wa kadi. Historia yetu ina ukali wake. Karatasi zilizokuwa zimetundikwa ukutani kwa fahari zilichomwa usiku, watu walizika tai na miwani.

Koko alikuwa karani, jina lake lilitajwa. Hakuenda kwao Yangambi, sababu huko wangemtafuta kwanza. Alipita daraja la Tshopo usiku, akashika barabara ya Buta kwa miguu, akafika Bengamisa kwa yule mzee wa mawese. Mzee akamweka msituni, kwenye kibanda cha shamba, na kila siku mtoto wa kike alimpelekea chakula ndani ya kikapu cha majani ya mihogo. Walipokuja kuuliza, mzee alisema hajamwona Muturumbu yeyote tangu mwaka uliopita. Alijua kwamba wakimpata, nyumba yake nzima itakwenda. Hakumfanyia hivyo kwa ajili ya sera yoyote ya "mchanganyiko wa tamaduni". Alisema tu: huyu alilisha mtoto wangu.

Mimi niko hapa naandika juu ya kikapu kile.

Sasa niulize. Mwaka ule, kama kungekuwa na tuzo ya kuishi pamoja yenye masharti ya komite yetu, yule mzee wa Bengamisa angeipata? Mzaliwa, ndiyo. Diplome, hapana. Kifaransa, hapana. CV, angecheka. Na angejiombea mwenyewe? Mzee yule, bibi alisema, hata ukimshukuru aligeuza mazungumzo kwenye mvua. Na koko wangu je? Diplome yake ndogo anayo, Kifaransa anacho, lakini si mzaliwa, na Bengamisa alikaa miezi mitatu tu, tena amejificha. Wawili hao wote wangeanguka. Angepita nani? Mtu mwenye karatasi zote.

Kuna mahali wamelitatua swali hili kwa namna nyingine. Yad Vashem, huko Yerusalemu, tangu 1963 wana komisyo inayotoa heshima kwa watu wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi wakati wa Hitler. Wamewatambua zaidi ya elfu ishirini na nane. Sharti ni kwamba mtu alijitia hatarini, na hakufanya kwa malipo. Na ushahidi mkubwa wanautafuta wapi? Kwa yule aliyeokolewa, au kwenye nyaraka za wakati ule. Hawamuulizi padri wa mwokozi kama ni mkristo mzuri, wala mkuu wake wa kazi. Wanamuuliza mtu wa upande mwingine. Walipewa heshima hiyo wakulima, watumishi wa nyumbani, watu ambao hawakuwahi kuandika barua ya maombi maishani.

Hata Nobel ya Amani, ile aliyoipata daktari wetu Mukwege mwaka 2018, huwezi kujipendekeza mwenyewe. Ukijituma, barua yako haihesabiwi. Ni lazima wengine wakutaje. Sisi wa Bengamisa tunaanza na kumwambia mtu: jisifu, kisha tutaona.

Kuna watakaosema: kaka, haya ni ya zamani, leo mambo ni mengine. Tuangalie leo basi.

Bengamisa siyo kijiji cha kabila moja, na sijui kama kuna siku kilikuwa hivyo. Ni udongo wa Bamanga, hilo hakuna anayelibisha. Lakini barabara ya taifa namba 4 inapita pale katikati, kutoka Kisangani kwenda Banalia, Buta na Bondo, na barabara haileti bidhaa peke yake. Kazi za kakao za CABEN zilivuta watu. Almasi na dhahabu za Banalia zinavuta watu mpaka kesho. Siku ya soko utasikia Kimanga, Kiturumbu, Kibua, Kitopoke, na Banande wanahesabu franga kwa lugha yao, na wote wakitaka kuelewana wanaingia Kiswahili au Lingala, mara nyingi katika sentensi moja. Watoto wa tolekiste wanajua lugha nne na wanafeli Kifaransa.

Halafu 2023. Februari mwaka ule, ng'ambo ya mto katika komine ya Lubunga, Bambole na Balengola walianza kuuana. Chanzo kilikuwa ardhi, ile konsesyo ya maelfu ya hekta iliyopewa kampuni ya CAP Congo. Wengine waliona ni sawa, wengine waliona udongo wa mababu umeuzwa. Nyumba zilichomwa, mamia waliuawa, makumi ya maelfu walikimbia. Watu waliokuwa wanaoana tangu zamani. Tunazungumza juu ya "kuishi pamoja" huku moshi ule haujatoka puani mwetu, na wengine katika chama hiki walizika ndugu. Tuzo hii si mapambo ya sherehe ya mwezi wa sita.

Namjua mama mmoja pale Bengamisa, Mumbole, anauza mchele na mafuta kwenye ligablo mbele ya nyumba ya kupanga. Hajazaliwa pale, na miaka kumi hajaifikisha. Masomo aliachia la nne primere. Mwaka ule wa vita ya Lubunga alipokea familia ya Kilengola, mama na watoto wanne, nusu mwaka mzima, wakati ndugu zake mwenyewe walikuwa wanampigia simu kumtukana na kumwambia amewauza. Aliwajibu kwamba chumba ni chake, kodi analipa yeye. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia yule mwanamke walikuwa wanakopeshana chumvi kwenye soko la Lubunga kabla ya hayo yote. Chumvi tu. Sitamtaja jina, na naomba wanaomjua wasimtaje kwenye komenti, sababu simu zile bado hazijakoma kabisa.

Kwa masharti yetu, mama huyu hawezi hata kuweka dosye. Na shefu gani atamwandikia barua? Wa Bamanga atasema si mtu wangu. Wa Bambole, nyumbani, anaweza kuwa ndiye aliyepiga simu.

Angalieni lile sharti la barua. Tunasema tuzo ni ya mtu anayevuka mpaka wa kabila lake, halafu shahidi tunamtaka kutoka ndani ya kabila lake. Mashefu nawaheshimu, na sheria ya 2015 inayowahusu inawapa nafasi yao. Shefu afungue sherehe, atoe baraka, akae mbele. Lakini habari ya mtu kuishi vizuri na wengine, ni hao wengine wanaoijua.

Najua pingamizi, sababu tumeshabishana kwa simu na yaya mmoja wa komite mpaka kredi ikaisha. Alisema: tukiondoa karatasi, kila mtu atakuja na shahidi wa kununua. Kweli, hatari ipo. Sisi wa Kisangani tunajua orodha ni nini. Pesa za fidia ya Uganda, zile milioni 325 za dola ambazo Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2022, zimetufundisha kwamba panapotajwa faida, majina yanaota kama uyoga. Lakini karatasi hazizuii uongo. Karatasi nazo zinanunuliwa, tena kwa bei inayojulikana. Mashahidi wawili wa makabila mawili tofauti, wakihojiwa kila mmoja peke yake, kwa lugha wanayoijua, ni wagumu kununua kuliko muhuri. Na tuzo isiwe na pesa. Kitambaa, diplome ya chama, mti tuupande. Pakiwa na bahasha, wa kwanza kufika atakuwa mtu wa depite.

Pingamizi lingine lilinisumbua zaidi. Alisema: je, kama mtu hataki kutajwa? Kama yule mama, tukimpandisha jukwaani, ndugu zake wakamdhuru? Hapo sina jibu safi. Nadhani anayetajwa aulizwe kwanza kwa siri, na akikataa, jina lake libaki kwenye daftari la chama, limefungwa, mpaka siku atakayotaka. Komite ya Nobel inafunga majina ya waliopendekezwa miaka 50. Sisi tunaweza kufunga kwa miaka michache.

Kwa hiyo ninachoomba Jumamosi ni hiki, na nitakisema tena mkutanoni: tufute uzaliwa na miaka kumi, atosheke kwamba alilolifanya alilifanya Bengamisa au kwa watu wa Bengamisa. Tufute diplome. Hapo najua wengine mtanuna, sababu sisi ni chama cha wenye diplome, lakini tuzo si ya kwetu kujipa. Mtu asijiombee, atajwe na wengine, na angalau shahidi mmoja awe wa kabila lisilo lake. Barua ya shefu iwe hiari. Waliokufa nao waweze kutajwa, sababu watoto wa mzee wa mawese bado wako pale kwenye barabara ya Buta, na hakuna aliyewahi kwenda kuwaambia kitu.

Na fomu. Kwa sasa iko kwa Kifaransa peke yake, kurasa tatu. Nimeanza kuiandika kwa Kiswahili, imekuwa ukurasa mmoja na nusu. Nahitaji mtu wa Lingala na mtu wa Kimanga. Mwenye nafasi kesho jioni aniandikie inboksi.